David Lean: Mkasi Kwanza, Kamera Baadaye

Jina la David Lean likitajwa, wengi huona jangwa pana na ngamia mdogo kama nukta akija kutoka upeo wa macho. Humsifu kwa ukubwa wa picha zake. Sifa hiyo anaistahili, lakini inamwanza mwishoni. Kabla hajaamrisha kamera, Lean alikaa zaidi ya miaka kumi kwenye vyumba vya uhariri akikata na kuunga mikanda ya waongozaji wengine, na filamu zote 16 alizoongoza kuanzia 1942 hadi 1984 zina alama ya mkono ule wa mkasi. Asiyelijua hilo ataona mandhari tu.

Alizaliwa Croydon, kusini mwa London, tarehe 25 Machi 1908. Wazazi wake walikuwa wa madhehebu ya Quaker, haya haya ambayo wamisionari wa Kimarekani waliyapeleka Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Nyumbani kwao sinema ilikuwa haramu. Shuleni hakung'ara. Mjomba alimpa kamera ndogo ya Kodak Brownie, naye akaing'ang'ania kama kitu pekee alichokuwa akikiweza. Baba yake, mhasibu, alimwingiza ofisini kwake, na kijana akawa anakaa na vitabu vya hesabu huku moyo uko kwingine. Shangazi yake ndiye aliyesema wazi kwamba mtoto huyu anapenda sinema, basi aende huko.

Mwaka 1927 akaenda studio za Gaumont zilizokuwa Lime Grove, Shepherd's Bush, akapokelewa kwa majaribio bila malipo. Alipeleka chai, alibeba mikebe ya filamu, alishika kibao cha klapa. Kazi ya klapa inaonekana ya kitoto lakini ndani yake mna somo zima la uhariri. Filamu ya sauti ilipokuja, picha ilirekodiwa kwenye mkanda mmoja na sauti kwenye mwingine. Kibao kinapofungwa, kuna fremu (picha moja ya mkanda) moja tu ambamo mbao mbili zimegusana, na kuna mlio mmoja tu kwenye mkanda wa sauti. Mhariri huzilinganisha hizo mbili, na shoti nzima, yaani kipande kilichopigwa bila kukatwa, inakaa sawa. Kijana wa klapa akipiga nje ya picha, mhariri atalazimika kusaka midomo ya mwigizaji, herufi baada ya herufi, hasa zile za kufunga midomo kama p, b na m, mpaka apate mahali pa kushikiza sauti.

Kutoka hapo Lean aliingia kwenye filamu za habari zilizoonyeshwa kabla ya filamu kuu. Huko alihariri kwa mbio, akaandika maelezo na kuyasoma mwenyewe. Mkanda wa milimita 35 una fremu 16 kwa kila futi, unapita fremu 24 kwa sekunde, yaani futi 90 kwa dakika. Mhariri wa habari hujifunza kupima muda kwa kuushika mkanda mkononi: urefu wa mkono uliokunjuliwa ni sekunde kadhaa. Na kuunga kulikuwa kwa gundi. Unakwangua tabaka la picha mwishoni mwa kipande kimoja, unapaka gundi, unakilaza kipande cha pili juu yake na kukandamiza. Ukibadili nia, kiungo kikifumuliwa fremu za pembeni zinaharibika, na huna budi kuweka fremu nyeusi mahali pake ili picha isipishane na sauti. Kwa hiyo mhariri wa zamani hakujaribu ovyo. Aliitazama shoti mara nyingi kichwani kabla ya kuigusa. Tabia hiyo Lean hakuiacha mpaka uzeeni, na waigizaji waliomwona amekaa kimya kando ya kamera kwa muda mrefu huku watu mia wakimsubiri walikuwa wanamwona mhariri akiikata shoti ambayo haijapigwa.

Mwisho wa miaka ya 1930 alikuwa mmoja wa wahariri waliolipwa vizuri kabisa Uingereza. Mkono wake uko kwenye Pygmalion ya 1938 na 49th Parallel ya 1941. Alipewa nafasi za kuongoza mapema, akazikataa. Sheria ya 1927 ilizilazimisha kumbi za Uingereza kuonyesha kiasi fulani cha filamu za nyumbani, na matokeo yake yakawa filamu za haraka haraka zilizotengenezwa kwa takriban pauni moja kwa futi ili kutimiza hesabu. Lean aliona kwamba mwongozaji akianza na uchafu ule, jina lake litanuka nao. Vijana wanaokubali kila kazi wakidhani jina litajisafisha baadaye wangefaa kulifikiria hilo.

Mlango ulifunguka 1942. Noël Coward, mtu wa jukwaa, alitaka kutengeneza filamu ya vita vya majini, In Which We Serve, na hakujua kamera. Lean aliitwa kumsaidia, akashikilia kwamba jina lake liandikwe kama mwongozaji mwenza. Baada ya wiki chache Coward alichoshwa na kusubiri taa zipangwe, na kazi kubwa ikabaki kwa Lean. Zikafuata filamu tatu nyingine kutoka kwa maandishi ya Coward, na ya mwisho kati ya hizo ndiyo ambayo ningemwonyesha mtu yeyote anayetaka kujifunza utengenezaji wa filamu kabla ya kumwonyesha lile jangwa.

Brief Encounter ya 1945 ni hadithi ya mwanamke mwenye mume na watoto, na daktari mwenye mke, wanaokutana stesheni na kupendana bila kufika popote. Picha za stesheni zilipigwa Carnforth, Lancashire, mwezi Februari 1945, vita vikiwa havijaisha. Carnforth ilichaguliwa kwa sababu iko mbali na London: ndege za adui zikija, kungekuwa na muda wa kuzima taa. Walipiga usiku, treni za kweli zikipita. Chumba cha chai kilijengwa studio, Denham.

Filamu inaanza na mwisho wake. Tunamwona mwanamke na mwanamume wamekaa mezani, rafiki mmoja mwenye domo anaingia na kujikalisha, mwanamume anasimama, anamgusa mwanamke begani na kuondoka. Mara ya kwanza tunaitazama kwa mbali, kama abiria wengine, na haina uzito wowote. Saa moja na kitu baadaye tukio hilo hilo linarudi, safari hii kamera iko upande wa Laura, yule mwanamke. Sasa tunajua kwamba hizo ndizo dakika zao za mwisho pamoja na kwamba mropokaji yule amezila. Mkono ule begani unauma. Maneno ni yale yale. Kilichobadilika ni mahali pa kamera na kile tulichokwisha kukijua. Kisha treni ya kasi inapita, kamera inalala upande, mwanga wa madirisha unamchapa usoni Celia Johnson, anayemwigiza Laura, mmoja baada ya mwingine, na mwanga ule unatuambia alichotaka kukifanya pale ukingoni bila neno hata moja kutamkwa.

Mwaka mmoja baadaye, Great Expectations. Tukio la makaburini mwanzoni linafaa kutazamwa polepole. Mtoto Pip yuko peke yake, upepo unavuma, mti unalia kama mlango mbovu. Anatazama, anaogopa, anakimbia, na kamera inageuka naye. Mwongozaji wa kawaida angekata kwenda kwa mfungwa aliyetoroka akijificha nyuma ya jiwe, ili tujue hatari ipo. Lean hakati. Anamfuata mtoto mpaka anagongana na jitu lile, na ukumbi mzima unaruka pamoja naye. Kujua mahali pa kuacha mkasi mezani ni kazi ya uhariri pia. Filamu hiyo ilichukua Oscar mbili, moja ya picha za nyeusi na nyeupe za Guy Green na nyingine ya usanifu wa seti.

Oliver Twist ya 1948 inavutia macho kwa namna hiyo hiyo, lakini ina doa ambalo halifutiki. Alec Guinness alimwigiza Fagin, Myahudi anayefuga watoto wezi, kwa pua kubwa ya bandia, kwa kufuata michoro ya kale ya kitabu. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu kambi za mauaji ya Wayahudi zifunguliwe. Wayahudi waliandamana Berlin ilipoonyeshwa huko, na Marekani haikuingia mpaka 1951, ikiwa imekatwa. Kusema kwamba michoro ilikuwa hivyo si jibu. Lean alipaswa kuona uso ule ungesomwaje mwaka ule.

Filamu za miaka iliyofuata nitazipita haraka. Tatu alizitengeneza na mke wake wa tatu, Ann Todd (alioa mara sita), na kati yake The Sound Barrier ndiyo yenye nguvu. Hobson's Choice ni ya kuchekesha na imezeeka vizuri. Summertime ya 1955 ilimtoa nje ya Uingereza. Aliipiga yote Venice, Katharine Hepburn akaanguka mfereji mchafu kwa ajili ya shoti na kupata ugonjwa wa macho uliomsumbua maisha yake yote. Tangu hapo Lean hakutaka tena kufungiwa studio.

Mtayarishaji Sam Spiegel ndiye aliyempa ulimwengu huo mpana. Spiegel alikuwa ameshatoka kwenye misukosuko ya The African Queen, iliyopigwa Kongo na Uganda, kwa hiyo kupeleka kundi la watu msituni hakukumtisha. The Bridge on the River Kwai ilipigwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, na daraja likajengwa kwa magogo juu ya mto Kelani, Kitulgala, urefu futi 425. Kulilipua kulikuwa jambo la mara moja tu: daraja moja, treni moja. Kamera kadhaa zilifichwa kwenye maficho, na kila mpigapicha alitakiwa kuwasha kamera, kujitoa salama, kisha kubonyeza swichi iliyowasha taa kwenye meza ya mlipuko. Treni ikaja, taa moja haikuwaka. Huenda mtu alikuwa bado karibu na baruti. Amri ya kulipua haikutolewa, treni tupu ikavuka daraja zima na kwenda kugonga jenereta upande wa pili. Mpigapicha alikuwa amesahau swichi tu. Treni ikarudishwa relini, na daraja likalipuliwa Machi 1957, na ndiyo picha tunayoiona.

Filamu ilipata Oscar saba, mojawapo ikiwa ya muswada, akapewa Pierre Boulle, mwandishi wa riwaya, ambaye hakuuandika. Walioandika, Carl Foreman na Michael Wilson, walikuwa kwenye orodha nyeusi ya Hollywood kwa tuhuma za ukomunisti. Haki yao ilitambuliwa miaka ya 1980, wote wawili wakiwa wameshafariki.

Kisha Lawrence of Arabia, hadithi ya afisa Mwingereza kwenye uasi wa Waarabu. Upigaji ulianza Jordan mwezi Mei 1961, ukaendelea Hispania, ambako mji wa Aqaba ulijengwa pwani ya Almería, kisha Morocco. Mkanda ndani ya kamera ulikuwa wa milimita 65, nakala za kumbi zikawa za 70, kwa kuwa milimita tano za ziada zilibeba nyuzi za sauti. Fremu ya ukubwa huo inaonyesha kila kitu, pamoja na kisichotakiwa. Jangwani shoti hairudiwi kirahisi: ngamia akishapita, nyayo zake zipo. Ama watu waje na mifagio, ama kamera ihamishwe kwenye mchanga usioguswa. Punje moja ya mchanga ikiingia kwenye dirisha la kamera, inachora mstari kwenye negativu, mkanda wa asili, kwa urefu wa shoti nzima, na hilo hulijui mpaka mkanda uende London kusafishwa na taarifa irudi. Joto nalo linakausha tabaka la picha. Negativu ilipochunguzwa kwa skana za kisasa karibu miaka hamsini baadaye, nyufa ndogo zilizoletwa na joto zilikuwa zinaonekana kwenye baadhi ya sehemu, zikabidi kuzibwa kwa kompyuta.

Kuingia kwa Sherif Ali, Omar Sharif wa Misri, ndiko kunakotajwa zaidi, na jinsi kulivyofanywa kunaeleweka. Hewa iliyo karibu na ardhi yenye moto hupinda mwanga, na hayo ndiyo mazigazi. Kwa macho matupu huyaona kama utepe mwembamba mbali sana. Mpigapicha mkuu Freddie Young alikuja na lenzi ya milimita 482 kutoka Panavision, ndefu kupita kawaida, nayo inaukuza ule utepe mpaka ujaze skrini. Lenzi ndefu pia hufuta umbali: mtu anaendesha ngamia kwa nguvu na haonekani kusogea. John Box, msanifu wa seti, aliichora ardhi yenyewe kwa alama hafifu zinazovuta jicho kuelekea ile nukta. Halafu Lean akasubiri. Miaka mingi baadaye alisema alipungukiwa na ujasiri, akaifupisha shoti kuliko alivyotaka. Mimi namwamini. Hata hivyo ilivyo, ni ndefu kuliko waongozaji wengi wangethubutu.

Mkato wa kiberiti ulitoka mezani kwa mhariri Anne V. Coates. Lawrence anaupuliza mwali wa kiberiti, na papo hapo tuko jangwani jua likichomoza. Muswada ulitaka picha moja iyeyukie ndani ya nyingine. Kuyeyusha ni kazi ya maabara, kunadai nakala juu ya nakala, na ukali wa picha unapungua. Kwenye nakala ya kazi, ile anayoikata mhariri, hakukuwa na myeyusho bado, shoti mbili zilikuwa zimeungwa moja kwa moja kusubiri maabara. Walipoitazama hivyo, wakaona ndiyo. Lean akamwambia Coates airudishe mezani mpaka ikamilike kabisa, naye akaondoa fremu mbili. Fremu mbili ni sehemu ya kumi na mbili ya sekunde. Sauti ya pumzi ndiyo inayobeba mkato huo, kwa hiyo ukiitazama bila sauti nusu yake imepotea.

Peter O'Toole alikalia sponji juu ya matandiko ya ngamia, maana vinginevyo mapaja yalichubuka. Guinness, Mwingereza, alipakwa rangi awe Mwanamfalme Faisal, na alirudia jambo kama hilo mwaka 1984 kama Mhindi Godbole katika A Passage to India. Kazi yake ya sauti na mikono ni ya hali ya juu, na bado inaudhi kuitazama wakati Sharif yuko kando yake akionyesha wazi kwamba waigizaji wa eneo lile walikuwepo.

Doctor Zhivago ya 1965 ni mafunzo ya kutengeneza baridi mahali pa joto. Mitaa ya Moscow ilijengwa nje ya Madrid. Majira ya baridi yale hayakuleta theluji ya kutosha, basi unga wa marumaru ukamwagwa mashambani. Ile nyumba ya barafu ilikuwa nta: Eddie Fowlie, mtu wa vifaa aliyemfuata Lean kila mahali, aliimwaga nta ya moto juu ya samani kisha akaipiga maji baridi, ikaganda kama vijiti na majani ya barafu. Ukiijua siri hiyo utaona kwamba waigizaji hawatoi mvuke mdomoni ndani ya nyumba ile. Filamu iliingiza pesa nyingi kuliko zake zote. Mimi naiweka chini ya Lawrence, kwa kuwa mhusika wake mkuu anatazama tu, na kutazama kwa saa tatu kunachosha hata mbele ya picha nzuri kiasi hicho.

Ryan's Daughter, 1970, ilipigwa rasi ya Dingle, Ireland. Dhoruba yake ni ya kweli. Maji ya chumvi yakipiga lenzi, picha imekufa, kwa hiyo Young aliweka mbele ya kamera kioo cha duara kinachozunguka kwa kasi, kama kile cha meli, kinachorusha matone pembeni. Lakini hadithi ni ndogo na filamu ni kubwa, na wakosoaji wa New York walimwita Lean hotelini Algonquin wakamhoji kwa ukatili. Aliumia. Miaka 14 ikapita bila filamu nyingine ya hadithi, akiwa na miradi iliyomfia mikononi, ukiwemo ule wa meli Bounty.

Alirudi na A Passage to India, 1984, mapango yake yakipigwa karibu na Bangalore. Safari hii jina la mhariri kwenye filamu ni lake mwenyewe, akiwa na miaka 76. Peggy Ashcroft alipata Oscar, na mwaka huo huo Lean akapewa cheo cha Sir. Alifariki London, 16 Aprili 1991, wiki chache kabla ya kuanza kupiga filamu ya Nostromo.

Kwa anayetaka kuitazama Lawrence, angalia urefu kabla ya kulipa. Siku ya onyesho la kwanza, 10 Desemba 1962, ilikuwa na dakika 222. Ikakatwa ili kumbi zipate maonyesho zaidi kwa siku, na mwaka 1971 ilikuwa imebaki 187. Robert A. Harris, fundi wa kurejesha filamu za zamani, aliirudishia urefu wake, kazi iliyoisha 1989, akikuta vipande vya picha visivyo na sauti. O'Toole, Guinness na Anthony Quinn walirudi studio kusema tena mistari ya ujana wao, sauti zikapandishwa kwa mashine. Jack Hawkins, mwigizaji mwingine wa filamu hiyo, alikuwa ameshafariki, basi Charles Gray akamsemea. Lean, mwenye miaka themanini, alikaa na kupunguza tena hapa na pale. Nakala hiyo, pamoja na muziki wa mwanzo, wa mapumziko na wa mwisho, ni dakika 227. Ikiwa unayouziwa ni ya saa tatu na dakika chache, iache.